Dhahabu ya Kilwa iko Lisbon

Mtu akienda Lisbon ataambiwa apande tramu namba 28, ale pastel de nata, kisha aende Belém kuona ule mnara wa mtoni. Sawa, apige picha. Mimi ningemtuma kwanza Museu Nacional de Arte Antiga kwa kitu kimoja tu: chombo cha dhahabu cha kuwekea Ekaristi, Custódia de Belém.

Mwaka 1502 Vasco da Gama aliingia Kilwa na meli za mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, alipe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno, la sivyo mji uchomwe. Dhahabu yenyewe ilikuwa ya kutoka mbali, bara ya Sofala. Mfalme Manuel I akaifanya chombo hicho, kikakamilika 1506. Maandishi yake yanataja Kilwa waziwazi. Hawakuona haya, na kwa nini waone? Tena kodi haikuiokoa Kilwa: 1505 Francisco de Almeida aliipora, halafu akaja kuichoma Mombasa.

Shule ilitupeleka Malindi kuona nguzo ya da Gama. Tulipiga picha, tukala mabuyu. Hayo ya Kilwa nilikuja kuyasoma mwenyewe, baada ya kuacha chuo.

Manuel aliusia chombo kipewe monasteri ya Jerónimos. Siku hizi kiko makumbusho, lakini Jerónimos pia ingia. Da Gama amezikwa humo, karibu na mlango, kaburi la jiwe lililonakshiwa meli.