Dikembe Mutombo na Kazi ya Kulinda Ringi

Katika historia ya mpira wa kikapu wa kulipwa, sifa nyingi huwaendea wafungaji, kwa kuwa ubao wa matokeo huhesabu vikapu vilivyoingia wala hauonyeshi vile vilivyozuiwa. Ndiyo maana maisha ya Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa aliyecheza misimu 18 katika NBA, yaani ligi kuu ya mchezo huo nchini Marekani, yanastahili kusomwa kutoka upande wa ulinzi. Wengi waliomwelezea waliridhika kutaja kimo chake cha mita 2.18, kana kwamba urefu peke yake ulitosha kumfanyia kazi, ilhali si wachache wenye kimo kama hicho waliopita katika ligi hiyo bila kuacha alama yoyote. Mutombo alikuwa kwanza mtu wa maarifa, aliyejifunza kazi ngumu akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, na hospitali aliyoijenga Kinshasa ni sehemu ya historia hiyohiyo wala si nyongeza yake.

Alizaliwa tarehe 25 Juni 1966, mwaka uleule ambao Léopoldville ilipewa jina la Kinshasa, katika familia ya Waluba wenye asili ya Kasai, na baba yake, Samuel Mutombo, alikuwa mtu wa elimu aliyeshika nafasi ya ukuu wa shule. Alikua katika nchi iliyoitwa Zaire, akipenda soka kabla ya kuugeukia mpira wa kikapu mwishoni mwa ujana wake. Mwaka 1987 alikwenda Washington kusoma katika Chuo Kikuu cha Georgetown kwa ufadhili wa USAID, lililokuwa shirika la misaada la serikali ya Marekani, akikusudia kuwa daktari na kurudi kuwatibu watu wa nyumbani. Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo, na mwaka wa kwanza hakuichezea timu ya chuo. Udaktari haukutimia, kwani masomo ya sayansi na mazoezi ya kila siku hayakupatana, lakini mwaka 1991 alihitimu katika isimu na diplomasia, jambo linaloonyesha kwamba hakukichukulia chuo kuwa kituo tu cha kupitia akielekea kwenye malipo.

Bahati yake kubwa ilikuwa kuangukia mikononi mwa kocha John Thompson, ambaye miaka ya 1960 alikuwa senta wa akiba wa Bill Russell katika timu ya Boston Celtics. Senta ni mchezaji wa kati, anayesimama karibu na ringi, na Russell ndiye aliyekuwa ameuthibitishia ulimwengu kwamba senta anaweza kuutawala mchezo mzima kwa ulinzi. Mutombo na mwenzake Alonzo Mourning waliipokea kazi hiyo kutoka kwa mtu aliyeiona kwa macho yake, na mwaka 1989 Mutombo alipangua mitupo 12 katika mchezo mmoja wa chuo. Kupangua mtupo ni kuugusa mpira wa mpinzani ukiwa bado unapanda kuelekea kwenye kikapu, maana kanuni inakataza kuugusa ukishaanza kushuka, na anayekosea hapo humzawadia mpinzani pointi kana kwamba mpira umeingia. Kwa hiyo mpanguaji hufanya kazi ndani ya muda mfupi mno: akiruka mapema hudanganywa kwa mtupo wa bandia, akichelewa huvunja kanuni, na akiugusa mkono badala ya mpira huadhibiwa kwa faulo. Inambidi ajue tabia ya kila mshambuliaji, mkono anaoupendelea na hatua anazopiga kabla ya kuruka, na maarifa hayo hayapimwi kwa futi.

Denver Nuggets walimchagua wa nne mwaka 1991 katika mgawanyo wa wachezaji wapya, ambao kwa utaratibu wake timu za ligi hupokezana zamu za kuwachukua vijana, na msimu wake wa kwanza aliteuliwa kwenye Mchezo wa Nyota Wote. Kilele cha miaka hiyo kilikuwa mtoano wa mwaka 1994, ambapo Denver, timu ya nane na ya mwisho kufuzu katika kanda yake kwa ushindi wa michezo 42, ilikutana na Seattle SuperSonics walioongoza kwa ushindi wa michezo 63. Denver walipoteza michezo miwili ya mwanzo, kisha wakashinda mitatu mfululizo, wa mwisho ukiamuliwa katika muda wa nyongeza tarehe 7 Mei kwa pointi 98 dhidi ya 94. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo timu ya nane kuiondoa timu ya kwanza. Katika michezo hiyo mitano Mutombo alipangua mitupo 31, na picha yake akiwa amelala chali sakafuni huku ameushika mpira kwa mikono miwili juu ya kichwa ilisambaa kote. Ni nadra picha maarufu ya michezo kuwa ya mtu asiyesifika kwa kufunga, bali kwa kuzuia.

Katika miaka hiyo pia ilianza desturi yake ya kutikisa kidole cha shahada kila alipopangua mtupo, akimkanya mshambuliaji asirudie. Ligi baadaye ilihesabu ishara hiyo kuwa dhihaka inayostahili faulo ya kiufundi, yaani adhabu ya utovu wa nidhamu, naye akageuka kuwatikisia watazamaji badala ya mpinzani.

Mwaka 1996 alihamia Atlanta Hawks, na Februari 2001 akapelekwa Philadelphia 76ers, waliofika fainali na kushindwa na Los Angeles Lakers wa Shaquille O'Neal kwa michezo minne dhidi ya mmoja. Mwaka huo alitwaa kwa mara ya nne tuzo ya mlinzi bora, baada ya zile za 1995, 1997 na 1998. Msimu uliofuata ligi ilileta kanuni inayomkataza mlinzi kukaa zaidi ya sekunde tatu katika eneo la chini ya ringi bila kumkaba mtu, nayo ilimbana moja kwa moja senta wa aina yake. Alipita New Jersey, akafika fainali nyingine mwaka 2003 bila ubingwa, akapita New York, kisha akatulia Houston Rockets kama msaidizi wa senta Yao Ming. Yao alipoumia Februari 2008, katikati ya mfululizo wa ushindi wa michezo 22, Mutombo mwenye miaka 41 alichukua nafasi yake na mfululizo ukaendelea. Goti lake liliumia katika mtoano wa Aprili 2009, na hapo akastaafu.

Aliacha jumla ya mitupo 3,289 iliyopanguliwa, wa pili nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria mwenye 3,830. Hesabu hiyo ilianza kuwekwa rasmi katika msimu wa 1973–74, kwa hiyo Russell hamo kabisa, na orodha yote isomwe kwa tahadhari hiyo. Hata hivyo, inasema jambo zito kwamba nafasi zake mbili za juu zimeshikwa na Waafrika ambao wote waliujifunza mchezo huu wakiwa vijana wakubwa.

Mwaka 1997 alianzisha mfuko wa hisani unaobeba jina lake. Mama yake, Biamba Marie, alifariki dunia Kinshasa katika misukosuko ya mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya kushindikana kufikishwa hospitalini kwa kuwa njia zilikuwa zimefungwa. Mwanawe aliamua kujenga hospitali kwa jina lake huko Masina, mashariki mwa jiji, katika mitaa yenye watu wengi na huduma chache. Hospitali hiyo ya vitanda 300 iligharimu takriban dola milioni 29, na zaidi ya milioni 15 zilitoka kwake mwenyewe, kiasi ambacho wanamichezo wachache sana wamewahi kukitoa kwa jambo moja. Ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Kijana aliyekwenda Georgetown kuwa daktari hakurudi na koti jeupe, lakini wagonjwa aliowakusudia walipata kitanda, dawa na madaktari.

Mwaka 2015 aliingizwa katika Jumba la Watukufu wa mpira wa kikapu, na jezi yake namba 55 ikastaafishwa na Atlanta mwaka huohuo na Denver mwaka uliofuata. Akiwa balozi wa ligi, alihimiza kambi za vijana na mashindano ya klabu za Afrika, ambayo msimu wake wa kwanza ulichezwa Kigali mwaka 2021. Oktoba 2022 ilitangazwa kuwa ana uvimbe kwenye ubongo, na alifariki dunia tarehe 30 Septemba 2024 akiwa na miaka 58. Mwaka mmoja kabla ya tangazo hilo alikuwa amefungua karibu na Mbuji-Mayi, katika nchi ya wazee wake, shule ya sayansi na ujasiriamali iliyopewa jina la baba yake, Samuel Mutombo.