Daftari la Mjomba wa Bula Pesa

Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi mwanawe wa kwanza aliposimama mbele ya waliokuja kuzika na kusema yale yasemwayo kwenye maziko yetu Waislamu: anayemdai marehemu ajitokeze, deni ni letu. Mara nyingi maneno hayo hupita kama ada tu. Siku ile watu walitazamana, na wapo walioinamisha vichwa, maana aliyelazwa pale ndiye aliyeandika madeni ya nusu ya mji kwa miaka mingi. Wengi tuliokuwepo tulikuwa wadaiwa wake.

Simtaji jina, mwenyewe hakupenda kutajwa. Alikuwa mjomba wangu na alikuwa mhasibu. Maisha yake hayasimuliki bila kusimulia jinsi pesa zilivyoingia Isiolo, kaskazini mwa Kenya.

Mji wetu si mkongwe. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwapa makazi hapa Wasomali wa Isaaq waliokuwa wametumika katika KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Baadaye Isiolo ikawa lango la wilaya ya mpaka wa kaskazini, ile NFD. Asiye na kibali hakupita kwenda juu, na mifugo iliyoshuka ilizuiliwa karantini kwanza kabla ya kuuzwa kusini. Kwa hiyo kazi ya mwanzo ya mji huu ilikuwa kungoja. Mtu anayengoja anakula, na asiye na fedha taslimu huchukua mali kauli dukani, atalipa ng'ombe wakiuzwa. Daftari la mwenye duka ndilo lililokuwa benki yetu ya kwanza.

Tuna mtaa unaoitwa Bula Pesa na mwingine unaoitwa Kula Mawe. Nani tena atahitaji mchumi wa kumweleza mambo ya Isiolo?

Mjomba alizaliwa katika familia ya wafuga ngamia. Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Kisha vikaja vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, hadi 1967, wakati ambao wazee wa Kiborana wanauita Gaf Daba. Watu walikusanywa kambini Garba Tulla na Merti, mifugo ikapigwa risasi, ikachukuliwa, ikafa kwa kukosa malisho. Babu aliingia Garba Tulla na ngamia, akatoka na fimbo. Mjomba alipelekwa shule kwa sababu hapakuwa na mnyama wa kumchunga. Hivyo ndivyo tulivyompata mhasibu.

Mitihani ya uhasibu ya KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969, aliisomea usiku kwa koroboi. Somo la kodi lilimwangusha mara mbili. Alipofaulu akaajiriwa na benki moja, na huko ndiko alikopata jeraha ambalo hakuacha kulisimulia. Alikuja mzee mwenye ngamia sitini kuomba mkopo wa kuchimba kisima. Fomu ilikuwa na nafasi ya hati ya shamba, nafasi ya nyumba na nafasi ya gari. Ngamia hana hati. Mzee akarudi alikotoka, na mjomba ndiye aliyeambiwa amjulishe. Sheria ya kuruhusu mali inayohamishika kuwekwa dhamana, mifugo ikiwemo, ilipitishwa Kenya mwaka 2017, yeye akiwa ameshastaafu. Aliisoma yote barazani, miwani puani, akacheka peke yake.

Alipoacha benki alifungua kimeza karibu na soko la mifugo. Dalali, au dilali kama tunavyotamka sisi, hukubaliana bei kwa mdomo na kwa kushikana mikono, na mambo huisha hapo. Mjomba alisisitiza kuandika. Aliyemwuliza kama hamwamini ndugu yake Mwislamu alitajiwa aya ya 282 ya Al-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ambayo inahusu kuandika deni na kumweka mwandishi mwadilifu. Basi watu wakaandika. Sidhani kama ni wote waliopenda, kwa kuwa deni la mdomo lina huruma yake: linaweza kusahaulika kwa heshima.

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 nilidhani atanung'unika. Kumbe alifurahi kuliko sisi vijana. Kina mama wa maziwa ya ngamia walikuwa wakipakia mitungi kwenye basi la Eastleigh, Nairobi, na kungoja pesa zirudi na dereva, pengine zikipungua njiani. Sasa zilirudi kwa simu. Bima ya mifugo ndiyo iliyomtesa. Ilianza Marsabit mwaka 2010, ikasambaa kaskazini: setilaiti hupima ukijani wa malisho, ukishuka chini ya kiwango mfugaji hulipwa. Wazee walimwuliza, huyo anayetazama kutoka juu, ameionaje nyasi asimwone mbuzi wangu aliyekufa? Hakuwa na jibu, na hakujifanya kuwa nalo.

Nyumbani alikuwa na daftari jingine, la jalada gumu la kijani. Kila mtoto ana ukurasa wake, sisi wapwa tukiwemo: karo, viatu, tarehe za chanjo. Chini ya kila ukurasa aliandika anachodaiwa yeye na mtoto. Kwa binti yake mkubwa imeandikwa "baiskeli", ikakatwa kwa wino mwekundu miaka mitatu baadaye. Nimeutafuta ukurasa wangu. Karo ya sekondari yote imo, muhula kwa muhula, na mahali pa tarehe ya kulipa ameandika "halidaiwi". Mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, aliyaandika maneno hayohayo kwenye kurasa nyingi za lile daftari la sokoni.

Siku ya maziko walijitokeza watu watatu. Muuza nyama alidai kilo mbili, fundi cherehani kanzu moja, na kijana mmoja mafuta ya taa. Walilipwa palepale.

Limebaki deni moja, katika ukurasa wake mwenyewe: "Mama wa maziwa, stendi, 350." Yeye aliyetukaripia tusiandike deni bila jina kamili, hapo hakuandika jina. Kama ni wewe, au ni mama yako, fika Bula Pesa kwa binti yake mkubwa. Pesa zimewekwa kwenye bahasha ndani ya daftari la kijani, zinakungoja.