Malta: Kuta za Mashujaa na Ulimi wa Wenyeji

Meli ya watalii iingiapo Bandari Kuu ya Malta asubuhi, abiria waliosimama sitahani huona kwanza kuta: kuta za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, zilizopanda kutoka majini hata kileleni, ambako mji wa Valletta umeketi. Watashuka kwa saa chache tu, kisha watarejea melini, na katika muda huo watasimuliwa habari za Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, nazo ni habari kubwa na za kweli. Lakini kisiwa kina habari nyingine, kongwe kuliko kuta hizo.

Mashujaa hao, watawa waliobeba upanga, walitolewa kisiwa cha Rhodes na Sultani Suleiman wa Waturuki baada ya kuhusuriwa mwaka 1522, na mwaka 1530 Kaizari Charles wa Tano akawapa Malta kwa kodi ya kipanga mmoja kila mwaka. Mwaka 1565 majeshi ya Sultani yakawafuata huko pia. Ngome ya Mtakatifu Elmo, iliyo mdomoni mwa bandari, ilistahimili mizinga karibu mwezi mzima kabla ya kuanguka, na katika mapigano hayo nahodha mashuhuri wa Waturuki, Turgut, akapata jeraha la mauti. Lakini mwezi Septemba Waturuki walitweka matanga, na mwaka uliofuata mkuu wa Mashujaa, Jean de Valette, akaweka msingi wa mji unaoitwa kwa jina lake.

Aingiaye Kanisa la Mtakatifu Yohana, ambalo kwa nje ni kavu kama ghala, hupigwa na dhahabu ya ndani, na chini ya miguu yake hukuta mamia ya makaburi ya marumaru ya rangi, yenye mafuvu na ngao. Humo imo picha ya Caravaggio ya mwaka 1608, ya kukatwa kichwa Yohana Mbatizaji, ambayo mchoraji aliitia jina lake katika damu itokayo shingoni mwa mtakatifu. Nami naona si haki kuusifu utukufu huo bila kuwataja watumwa, wengi wao Waislamu waliotekwa baharini, waliofungwa minyororo kwenye makasia ya merikebu za Mashujaa hao. Maana utumwa huo haukukoma mpaka Napoleon alipokitwaa kisiwa mwaka 1798.

Na kabla ya hao wote walikuwapo Waarabu, waliokiteka kisiwa mwaka 870. Wanormani, waliokuwa Wakristo, walifika mwaka 1091, na katika karne ya 13 Uislamu ukaondolewa; ila lugha haikuondoka. Katika kisiwa jirani cha Gozo limehifadhiwa jiwe la kaburi la binti aitwaye Majmuna, aliyefariki mwaka 1174, wakati wafalme Wakristo walikwisha kutawala zaidi ya miaka 80: upande mmoja maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwa ustadi, upande wa pili nakshi za Kirumi, kwa kuwa marumaru hiyo ilikuwa na kazi nyingine kabla ya kuwa kaburi lake.

Mwaka 1934 Kimalta, kiandikwacho kwa herufi za Kilatini na kilichojaa maneno ya Kiitalia, kilifanywa lugha rasmi. Lakini mzizi wake ni Kiarabu, na Mswahili ashukaye pale hahitaji kukisoma ili akitambue. Bahari huitwa *baħar*, kitabu *ktieb*; Wamalta, ambao ni Wakatoliki imara, humwita Mungu *Alla*, na mfungo wa Kwaresima huuita *Randan*, jina lililobaki kutoka Ramadhani. Na muuza matunda ahesabupo chenji mkononi mwa mteja husema *sitta*, *sebgħa*, *disgħa*, na bei ikikua, *ħamsin*, *sittin*, *mija*, mpaka *elf*.