Pande Mbili, Aina Moja

Kati ya 1957 na 1958, John McCarthy alikuwa MIT, Marekani, akiandika programu ya sataranji kwa Fortran kwenye mashine ya IBM 704. Alitaka usemi wenye sharti ndani yake: likitimia utoe thamani hii, lisipotimia utoe ile. Akajitengenezea njia, ila ilikokotoa pande zote mbili kabla ya kuchagua mmoja, muda ukapotea bure. Kero hiyo ikamfikisha kwenye usemi wa masharti wa lugha yake, Lisp, na baadaye Algol 60 ikaupokea.

Lisp haikujali pande hizo ni za aina gani. Robin Milner wa Edinburgh alijali: katika lugha yake ya ML, miaka ya 1970, pande zote mbili sharti ziwe za aina moja.

Java haikuweza kuwa kali hivyo, kwa kuwa aina zake hurithiana. Mwaka 2004, toleo la 5 lilipoleta aina za jumla, zile zinazoacha nafasi ya kujazwa baadaye, mambo yakawa magumu kweli. Upande mmoja ukiwa namba kamili na mwingine maandishi, kompaila hutafuta asili ya karibu ya zote mbili. Zote hulinganishika. Zinalinganishika na nini? Namba na namba, maandishi na maandishi. Basi itafutwe tena asili ya hizo mbili, na swali ni lilelile, bila mwisho. Kanuni rasmi za Java zinakubali aina hiyo isiyo na kikomo na kuitaka kompaila iutambue mzunguko huo.

Ndiyo maana majaribio ya javac, kompaila ya Java, yana thamani kubwa. Mengi ni mafaili mafupi, na baadhi yameandikwa makusudi yakataliwe: kando yake huwekwa faili la makosa yanayotarajiwa, mstari kwa mstari. Bila hayo, kompaila inayokubali kila kitu ingefaulu.

Hadi Java 7, msimbo wenye orodha ya maandishi upande mmoja na mwito wa kuunda orodha tupu upande wa pili ulikataliwa, hata pale kigeugeu kinachopokea matokeo kilipotangazwa kuwa orodha ya maandishi. Java 8, mwaka 2014, ikaanza kuipeleka aina ya kigeugeu hicho hadi kila upande, na msimbo uleule ukapita.

Namba zilibaki na kanuni ya zamani. Weka 1 upande mmoja, na upande wa pili kigeugeu cha aina ya Integer kisicho na thamani: kompaila itaridhika, lakini programu itaanguka upande huo ukichaguliwa. Kosa hilo halionekani mpaka jaribio liendeshwe.