Sembe: Unga Uliopoteza Kiini

Mama akifika mashineni na debe la mahindi huulizwa: unakoboa upate sembe, au unasaga dona, yaani bila kukoboa? Akijibu, ameamua lishe ya nyumba yake kwa wiki nzima.

Mahindi yametoka mbali. Asili yake ni Meksiko, na yalifika pwani yetu enzi za Wareno, wakati wahenga wetu wakila mtama, uwele na ulezi. Wenyeji wa Meksiko walikuwa na desturi moja: waliyachemsha kwa maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Kufanya hivyo hufungua vitamini B3, yaani niasini, ambayo imejifunga ndani ya punje. Mahindi yakasambaa duniani, desturi ile ikabaki kwao.

Gharama ikaonekana. Mwaka 1771 daktari wa Italia, Francesco Frapolli, aliuita pelagra ugonjwa uliowaandama maskini walioshindia mahindi: ngozi huchubuka, tumbo huhara, akili huvurugika, kisha kifo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukalipuka kusini mwa Marekani, ambako viwanda vilikuwa vimeanza kung'oa kiini cha punje ili unga usivunde mapema.

Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma Dkt. Joseph Goldberger kuuchunguza. Wengi waliamini unaambukiza. Yeye aligundua kwamba katika vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili waliougua ni waliotunzwa, si waliowatunza. Akabadilisha chakula, akaongeza maziwa, mayai, nyama na kunde, ugonjwa ukatoweka. Mwaka 1937, miaka minane baada ya kifo chake, Conrad Elvehjem alithibitisha kuwa kilichokosekana ni niasini.

Huku kwetu, wakati wa ukoloni, unga wa mahindi ulikuwa mgawo wa vibarua. Ndiyo maana hadi leo Waganda huuita ugali wa mahindi posho. Baadaye weupe wa sembe ukawa alama ya maisha ya mjini, na dona ikadharauliwa kama chakula cha bweni na jela.

Lakini kukoboa huondoa pumba na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, mafuta, madini ya chuma na zinki, na sehemu kubwa ya vitamini B. Kinachobaki ni wanga zaidi. Mwaka 2012 Kenya ililazimisha viwanda kuongeza virutubishi kwenye unga wa pakiti. Ni hatua njema, ila inasikitisha: mashine moja inatoa, nyingine inarudisha kidogo.

Ndugu msomaji, chagua mahindi makavu yasiyo na kuvu, saga dona, na ugali usikose maharage, dagaa au mchicha. Lishe uliyonayo tayari ndani ya punje usiiache sakafuni mwa mashine.