Ndege wa Nakuru na bomba la majitaka

Mtajie Mkenya Ziwa Nakuru na akilini inakuja rangi moja tu: pinki. Flamingo kwenye kalenda, flamingo kwenye kadi za posta. Leo wacha tuongee kuhusu mwari, na kuhusu choo chako.

Ziwa hili ni la magadi, na zamani halikuwa na samaki hata mmoja. Flamingo hakujali, yeye anakula mwani mdogo unaomea kwenye maji hayo makali. Halafu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1960, tilapia wadogo wakatolewa Ziwa Magadi wakamwagwa hapa. Kazi yao? Kula viluwiluwi vya mbu. Basi. Lakini samaki wakazaana, na mwari wakapata habari. Wakawa wanataga Elementaita na kuja kuvua Nakuru, kama vile mtu anaishi Gilgil na kazi iko mjini.

Kwa hivyo mbuga ilipotangazwa 1968, sehemu ya hiyo tunayoiita asili haikuwa imefikisha hata miaka 20.

Sasa, mji. Nakuru iko juu, ziwa liko chini, na ziwa halina mto wa kutoka. Maji yakiingia, mengi yanatoka kwa kukauka tu. Uchafu unabaki. Ndiyo maana mabwawa ya kusafisha majitaka yako karibu na ziwa, na yale ya Njoro yako ndani ya mbuga kabisa. Majitaka yanapita bwawa moja hadi lingine polepole. Uchafu unatua, halafu bakteria, mwani na jua vinafanya kazi. Wadudu wanajaa, na ndege wanawafuata: bata, korongo, na wale wadogo wa matopeni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Siberia. Wanaopenda kuangalia ndege wanapajua hapo miaka mingi. Sisi kwenye ziara ya shule tuliambiwa tufunge pua. Tukafunga, na macho pia tukageuza kando.

Kuanzia 2010 hivi ziwa likaanza kupanda. Geti kuu likamezwa, nyumba za watu Mwariki na Baruti zikaingia maji. Magadi yakapungua makali, mwani ukapungua, flamingo wengi wakahamia Bogoria. Mitandaoni tukalia ati Nakuru imekwisha, na wala samaki wakati huo wanakula tu.

Kinachoniudhi ni hiki: ziwa lilikuwa la kwanza Kenya kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, 1990, na hadi leo sehemu kubwa ya mji haijaunganishwa na bomba la majitaka. Mvua ikinyesha, uchafu wa mitaani unateremka ziwani bila kupitia bwawa lolote. Pesa za bomba tunaziita za usafi, pesa za ndege tunaziita za uhifadhi, na zinapangwa kwenye ofisi tofauti kana kwamba maji yanajua hiyo tofauti.

Kwa hivyo mwanasiasa akikuambia atarudisha flamingo, muulize bomba la mtaa wako linaishia wapi.