Kabla ya Leza Palikuwa na Kisu

Vijana wetu wengi hapa Uingereza hawataki tena kuvaa miwani. Wanaulizia leza, tena wanaizungumzia kama mtu anayekwenda kung'oa jino. Sisi hatuwapingi. Lakini kabla ya leza palikuwa na kisu, na habari zake ni vyema zijulikane, khasa kwa wale wenye kutia saini fomu za hospitali bila ya kuzisoma.

Mtu asiyeona mbali aghalabu jicho lake ni refu kupita kiasi, hivyo mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina. Milimita moja tu ya ziada yatosha kumvisha mtu miwani ya karibu dayopta 3. Konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, ndiyo inayopinda sehemu kubwa ya mwanga, na unene wake ni kama nusu milimita. Madaktari wakasema: tukiibapa konea, miwani itakosa kazi.

Katika miaka ya 1940, Tsutomu Sato wa Japani aliwakata wagonjwa konea kwa nje na kwa ndani pia. Wakaona, wakafurahi. Kumbe upande wa ndani una chembe zinazoitoa konea maji ili ibaki angavu, na binadamu akizipoteza hazioti tena. Baada ya miaka 20 hivi, macho ya wengi wao yalivimba na kuingia ukungu.

Mwaka 1974 Svyatoslav Fyodorov wa Moscow alianza kukata nje peke yake, kwa mistari iliyopangwa kama spoku za baiskeli, katikati pakaachwa pazima. Kufika miaka ya 1980, taasisi yake ilikuwa ikiwapitisha wagonjwa kwenye mkanda kama wa kiwanda cha magari: mgonjwa amelala, meza inasogea, na kila daktari ana hatua yake moja. Sisi wahandisi hatuwezi kuficha kwamba mpango ule unatuvutia mpaka leo.

Mkanda haukuwa na kosa. Kasoro ilikuwa kwenye ukuta. Jicho ni chombo chenye shinikizo ndani yake, mfano wa mpira wa baiskeli. Ukiukata ukuta wake karibu asilimia 90 ya unene, pembeni hutuna na katikati hubapa. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yenyewe. Lakini nani aliyeuambia ukuta utune leo, kesho ukome? Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba baada ya miaka 10, asilimia 43 ya macho yaliyokatwa yalikuwa yamesogea dayopta 1 au zaidi kuelekea upande wa pili, ule wa kutoona karibu. Mwaka 1996 Beck Weathers, daktari wa Texas aliyekuwa amekatwa konea, alipotewa na nuru ya macho juu ya mlima Everest, kwani huko juu konea ya namna hiyo hubadilika umbo. Mwenye makovu hayo akitaka kupanda Kilimanjaro, na amuone daktari kwanza.

Leza ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1981 wanasayansi watatu wa IBM, Srinivasan, Wynne na Blum, waliijaribu miale isiyoonekana kwa macho juu ya mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, wakakuta inaondoa nyama bila ya kuunguza pembeni. Serikali ya Marekani iliiruhusu kwa kutoona mbali mwaka 1995, na kisu kikawekwa kando. Leza huchonga katikati badala ya kupasua pembeni, na vipimo vya siku hizi huwakataa wenye konea nyembamba au dhaifu. Kijana akikataliwa asihame hospitali kutafuta atakayemkubalia.

Na urefu wa jicho hauguswi. Aliyetupa miwani yake bado ana retina iliyovutika kama zamani, hivyo akiona vimulimuli vya ghafla, au kama pazia linashuka upande mmoja, aende hospitali siku hiyo hiyo, na awaambie kwamba kabla ya leza alikuwa haoni mbali.